Chaji Inapotelea Njiani: Kumbukumbu za Safari ya Mashua ya Matanga

Jumatatu

Tumeng'oa nanga alfajiri. Tanga kuu na tanga la mbele yote yako juu, upepo wa noti 12 (maili 12 za bahari kwa saa) unatupiga ubavuni, na nchi kavu imezama nyuma yetu kabla ya adhuhuri. Nahodha anaangalia njia na matanga; umeme ni kazi yangu. Jioni hii sina la kurekebisha, kwa hiyo nimekaa na daftari kupiga hesabu ambayo kila mashua inapaswa kuipiga kabla haijalazimika.

Tuna injini ndogo ya dizeli inayozungusha alterneta (jenereta ya kuchaji betri) ya ampea 80. Juu ya tezi, nyuma ya mashua, kuna paneli mbili za sola, kila moja wati 100. Betri ya stata, ya kuwashia injini, iko peke yake. Betri za matumizi ni nne za volti 6, za maji, kila moja ampea-saa 225 (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa moja). Zimefungwa mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili zikawekwa sambamba. Jumla tunapata volti 12 na ampea-saa 450. Kati ya hizo natumia nusu tu. Betri ya risasi inayokaushwa kupita nusu kila siku haidumu.

Matumizi ya saa 24 baharini ni haya: otopailoti (usukani unaojiendesha) wastani wa ampea 2.5, hiyo ni ampea-saa 60. Friji inavuta ampea 4 na kidogo inapofanya kazi, na katika joto hili inafanya kazi karibu nusu ya muda, weka 50. Plota (ramani ya elektroniki) na vyombo vya upepo na kina, 24. Redio ya VHF ikisikiliza tu, 10. Taa na vidogo vingine, 6. Jumla ni ampea-saa 150. Sola ikipata jua safi itarudisha 55 hivi. Zinazobaki, 95, lazima zitoke kwenye alterneta, na kwa ampea 45 au 50 hizo ni saa mbili za injini. Hesabu inatosha vizuri kwenye karatasi.

Jambo moja limenikaa akilini. Asubuhi tulitoka bandarini kwa injini, ikanguruma zaidi ya saa moja. Kipima betri kilipaswa kupanda kwa kiasi cha kuonekana, nacho kimepanda kidogo mno.

Jumanne

Kulipopambazuka mita ilisoma volti 12.1 friji ikiwa inavuta. Mzigo ukiwapo volti hushuka kidogo, basi si msiba, lakini ni chini ya nilivyotarajia baada ya usiku mmoja tu. Tukawasha injini. Ufunguo ulipofunguliwa taa nyekundu ya chaji iliwaka, injini iliposhika ikazima. Taa hiyo ina kazi kubwa kuliko kutoa onyo: katika alterneta nyingi mkondo mdogo unaopita ndani yake ndio unaoamsha usumaku wa rota, sehemu inayozunguka ndani ya alterneta. Balbu ikiungua, alterneta inaweza kubaki imelala mpaka injini ikanyagwe sana. Kwetu iliwaka na kuzima kama inavyotakiwa, hivyo upande huo nikauacha.

Nusu saa baadaye, kipima betri kilionyesha ampea 15 tu zinaingia. Alterneta ya ampea 80, betri zenye njaa, na ampea 15! Nahodha alikuwa keshateremka kuchukua sanduku la vipuri.

"Fundi, tufunge alterneta ya akiba. Hii imekwisha."

"Nahodha, nipe dakika kumi na mita kwanza."

Nilimwomba hivyo kwa sababu alterneta ndicho kitu cha kwanza kulaumiwa katika mashua isiyochaji, na mara nyingi mno inafunguliwa ikiwa nzima. Kuibadilisha huku mashua inayumba ni kazi ya kuumiza vidole: mkanda, bolti, nyaya nene, na kila nati inayodondoka inaishia chini kabisa penye maji ya ngama. Mtu hufanya yote hayo, akawasha injini, akakuta ampea zile zile 15.

Mkanda kwanza, injini ikiwa imezimwa. Nikiubonyeza kwa dole gumba katikati ya sehemu yake ndefu unaingia kama milimita 10, ndivyo unavyotakiwa. Hakuna vumbi jeusi la mpira kwenye puli wala harufu ya kuungua. Mkanda unaoteleza huacha ushahidi.

Kisha injini ikawashwa tena, nami nikapima sehemu mbili. Kwenye alterneta yenyewe, kutoka terminali ya B+, inakotokea chaji, hadi bodi lake: volti 14.3. Kwenye betri za matumizi, ncha za mita zikigusa vichwa vya risasi vyenyewe badala ya vifungo vya nyaya: volti 13.2. Nikaigeuza mita kwenye volti za AC (mkondo geu) pale pale B+ ikasoma 0.04. Diodi mojawapo (vali ya umeme inayopitisha mkondo upande mmoja tu) ndani ya alterneta ingekuwa imekufa, kusoma huko kungepanda kuelekea nusu volti au zaidi.

Alterneta ni nzima. Inatoa 14.3, na betri inapokea 13.2. Volti 1.1 inapotea njiani. Kwa mtu asiyefanya kazi hii tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwenye betri ya risasi ndiyo tofauti kati ya kuchaji na kupapasa. Betri ya maji inataka kama volti 14.4 ili ijae, kwenye 13.2 inaonja tu. Ubaya zaidi, regyuleta (kidhibiti volti) iliyomo ndani ya alterneta inapima mgongoni mwake yenyewe, inaona 14.3, inaamini betri imekaribia kushiba, na inapunguza nguvu.

Sanduku la vipuri likafungwa. Jioni bahari ikaanza kuchafuka.

Jumatano

Noti 28, matanga yamepunguzwa, tunakwenda joshi, dhidi ya upepo, na maji yanapita juu ya omo, mbele ya mashua. Hakuna kupima chochote leo. Kushika ncha za mita karibu na mkanda unaozunguka katika hali hii ni kutafuta ajali.

Kilichobaki ni kubana matumizi. Friji imezimwa. Otopailoti imezimwa, tunashika usukani kwa zamu. Katika mawimbi haya ingekula mara mbili ya wastani wake. Taa za njia hazizimwi hata iweje: Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 zinataka ziwake tangu jua kuzama hadi kuchomoza. Chombo cha tanga kilicho chini ya mita 20 kinaruhusiwa kuunganisha nyekundu, kijani na nyeupe katika taa moja juu ya mlingoti, na yetu ni ya LED, haifiki theluthi ya ampea. Balbu ya zamani ya wati 25 ingevuta ampea 2, karibu 24 kwa usiku wa saa 12. Mashua yenye betri dhaifu ikibadilisha balbu hiyo moja inapata nafuu inayokaribia ile ya kuongeza paneli moja ya sola.

Redio inasikiliza tu. Ikirusha kwa wati 25 inavuta kama ampea 5, na kwa betri zilizoshuka redio inaweza kujizima katikati ya sentensi. Kwa hiyo redio ndogo ya mkononi ya VHF iko mfukoni mwa nahodha, imejaa.

Sola haikuleta kitu, mawingu mazito kutwa.

Alhamisi

Upepo umelegea usiku. Asubuhi bahari imetulia kiasi cha kufanya kazi, na siku nzima nimeitumia kwenye kutafuta ile volti 1.1.

Nataka kueleza njia hii kwa urefu, kwa kuwa ndiyo niliyoiona ikiokoa safari nyingi kuliko kipuri chochote. Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff alionyesha kwamba ukizunguka mzunguko wowote wa umeme, volti zinazotolewa na zinazotumika lazima zilingane. Maana yake kwangu leo ni hii: volti 1.1 iliyopotea haijatoweka hewani. Imegawanyika katika vipande kati ya alterneta na betri, kwenda na kurudi, na nikivipima vyote vitajumlisha 1.1. Visipojumlisha, kuna mahali sijapima.

Sharti ni moja: umeme uwe unapita. Kifungo kibovu kilichobakiwa na uzi mmoja wa shaba kitaonyesha volti kamili kama hakuna mzigo, na mita itakuambia kila kitu ni kizima. Sheria ya Ohm ndiyo inayoeleza: volti inayopotea ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani, na mkondo ukiwa sifuri hakuna kinachopotea hata kwenye kutu tupu. Kwa hiyo nikawasha friji, taa zote na otopailoti, injini nikaipandisha juu ya mwendo wake wa kutulia, mpaka mita ya kubana waya ilipoonyesha ampea 25 zinatoka B+. Mita hiyo iwe ya kusoma mkondo wa DC (mkondo mnyoofu, wa betri); zile za bei ya chini nyingi zinasoma AC pekee.

Kisha unaweka ncha moja ya mita mwanzo wa kipande na nyingine mwisho wake, kwenye waya ule ule mmoja. Watu wamezoea kupima kati ya chanya na hasi. Hapa unapima chanya na chanya, na mita inakuonyesha kilichopotea kati ya sehemu hizo mbili tu.

Kutoka B+ hadi kwenye mlango wa kigawa chaji: 0.08. Hilo si kitu. Kigawa chaji chenyewe, kile kisanduku cha diodi kinachogawa chaji kati ya betri ya stata na betri za matumizi: 0.72. Kutoka hapo kupitia fyuzi na swichi kuu hadi kichwa cha chanya cha betri: 0.05, kuzuri kabisa.

Watu wengi huishia hapo. Lakini umeme unarudi, na njia ya kurudi ina ukinzani wake. Alterneta yetu inarudisha hasi kupitia bodi lake, bodi liko kwenye injini, injini ina waya mnene wa ethi unaokwenda kwenye shanti ya kipima betri (kipande cha chuma cha kupimia mkondo), na shanti inakwenda kwenye kichwa cha hasi. Nikaweka ncha moja kwenye bodi la alterneta, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri: 0.25.

Jumlisha: 0.08, 0.72, 0.05 na 0.25. Ni 1.10 kamili. Nahodha alikuwa ameshika kalamu, akaipiga mstari hesabu ile mara mbili, akanitazama akicheka. Nami nilifurahi vile vile. Hesabu kama hiyo ikikubali, hofu inakwisha, inabaki kazi.

Tukaanza na hasi. Volti 0.25 kwa ampea 25 ni ukinzani wa omu 0.01. Unaonekana mdogo sana, lakini mkondo ukipanda hadi 50 unapoteza nusu volti nzima na kutoa wati 25 za joto katika kifungo kimoja. Shanti nikaiondolea lawama mapema: ya kwetu ni ya ampea 500 kwa milivolti 50, kwa hiyo kwa ampea 25 inakula milivolti 2.5 tu. Nikapima kutoka kwenye chuma cha injini hadi kwenye jicho la waya wa ethi, sentimita mbili hazifiki. Karibu 0.22 yote ilikuwa pale.

Injini ikazimwa, ikapoa. Pete zikavuliwa vidoleni, maana pete ikiunganisha chanya na chuma inawaka pamoja na kidole. Waya wa hasi kwenye betri ukafunguliwa kwanza, kisha bolti ya ethi. Chini ya jicho la waya kulikuwa na rangi ya injini, na juu ya rangi unga wa kijani wa chumvi na shaba. Mguso wa kweli ulikuwa kwenye nyuzi za bolti peke yake. Nikakwangua rangi hadi chuma king'ae, nikapiga msasa jicho la waya pande zote mbili, nikafunga kwa nguvu na washa ya meno, kisha nikapaka grisi juu baada ya kukaza, ili izuie unyevu bila kuingia kati ya chuma na chuma. Kwa ampea zile zile 25, upande wote wa hasi sasa unapoteza 0.03.

Ijumaa

Imebaki diodi. Kigawa chaji hakijaharibika. Diodi ya silikoni hula 0.6 hadi 0.8 kwa asili yake, hata ikiwa mpya. Ndiyo inayotozwa kwa kuzuia betri moja isiinyonye nyingine. Tatizo ni kwamba regyuleta haijui kwamba tozo hiyo ipo.

Kwa bahati, regyuleta ya alterneta hii ina terminali ya kuhisi, na ilikuwa imeunganishwa kwa kipande kifupi cha waya hadi B+ palepale. Nikakiondoa kipande hicho, nikavuta waya mwembamba mpya hadi kwenye chanya ya betri za matumizi, nikautia fyuzi ya ampea 3 karibu na betri. Waya huo haubebi mzigo, unabeba habari. Tangu sasa regyuleta inaona volti ya betri yenyewe na kusukuma mpaka huko ifike inavyotaka.

Kwanza nilisoma kitabu cha regyuleta ili kujua inafanya nini waya huu ukikatika. Nyingine hurudi kupima kwenye B+. Nyingine huona sifuri na kusukuma bila kikomo, na hapo betri zinachemka. Yetu inarudi B+. Nisingeufunga bila kujua hilo.

Tukawasha. Kwenye B+ mita ilisoma 15.4, na kwenye vichwa vya betri 14.3. Ampea zilizoingia: 48. Nahodha aliita namba hiyo kwa sauti kutoka kwenye meza ya chati, na hatukuhitaji kusema zaidi.

Volti 14.3 badala ya 14.4 inanifaa katika joto hili. Kiwango cha 14.4 ni cha betri yenye nyuzi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi moja juu yake inataka upunguze milivolti 24 hadi 30, na sanduku la betri leo lina nyuzi 34. Kwa kweli ingekuwa 14.2. Nitafungua matundu ya hewa zaidi na kuangalia maji ya betri mara kwa mara.

Jambo moja nililomwonyesha nahodha kwa msisitizo: swichi kuu ya betri isigeuzwe kwenye kuzima injini ikiwa inanguruma. Alterneta ikikatiwa betri ghafla, volti inaruka na kuchoma diodi zake mara moja. Tumebandika utepe mwekundu juu ya mkono wa swichi.

Tulichaji zaidi ya saa mbili. Ampea zikapungua taratibu kutoka 48 hadi 30, kama inavyopaswa: kadiri betri inavyojaa ndivyo inavyopokea kidogo, na asilimia 20 ya mwisho huchukua saa nyingi hata chaji iwe na nguvu gani. Ndiyo maana sehemu hiyo naiachia sola.

Jumamosi

Usiku volti zilishuka haraka kuliko ampea-saa zilizotoka. Kipima betri kilisema tumetumia kidogo, mita ikasema vingine. Vikipingana hivyo, nazitilia shaka betri zenyewe.

Tangu mapambazuko tulizima kila kitu, sola nikaikata kwa swichi yake, tukashika usukani kwa mkono hadi adhuhuri ili betri zipumzike. Betri iliyotoka kuchajiwa hubeba volti ya juu juu inayodanganya. Lazima itulie kwa saa kadhaa.

Zikiwa zimepumzika: jozi ya kwanza, 6.21 na 6.21. Jozi ya pili, 6.28 na 6.14. Jumla ya kila jozi ni 12.42, na haiwezi kuwa tofauti kwa sababu zimefungwa sambamba. Anayepima ncha za mwisho tu hataona lolote. Nikawasha mzigo wa kama ampea 20 na kupima tena: jozi ya kwanza 6.05 na 6.05, jozi ya pili 6.18 na 5.92. Pengo la 0.14 limekuwa 0.26. Betri hiyo ya nne inazama mzigo ukija.

Bahari ilikuwa shwari kiasi cha kutumia hidromita (kipimo cha uzito wa asidi ya betri ukilinganishwa na maji) bila kumwaga asidi. Miwani ya kujikinga, glavu, ndoo ya maji safi kando. Seli za jozi ya kwanza zote zilikaa karibu na 1.230. Seli mbili za betri ya nne zilisoma kama 1.235. Ya tatu, 1.150. Seli iliyojaa ilipaswa kufika 1.265 au zaidi.

Hivi ndivyo upungufu wa chaji unavyoua betri. Ikikaa muda mrefu bila kujazwa, salfeti ya risasi kwenye sahani zake inagandamana na kuwa ngumu, na haitaki tena kurudi kuwa asidi. Ile bolti yenye rangi chini yake haikutunyima umeme wa wiki hii tu. Imekuwa ikiila betri hii kwa muda mrefu. Nasikitika, maana ni betri nzuri, na kifungo kile kingeweza kukaguliwa kwa msasa wa dakika tano kila msimu.

Seli moja mbovu inavuta jozi yake yote, na jozi hiyo inainyonya nyingine. Nimeitenga jozi ya pili, nikafunika vichwa vyake kwa mpira. Tumebaki na ampea-saa 225, za kutumia 112. Friji itazimwa usiku, injini itawashwa asubuhi na jioni.

Jumapili

Jua kali, hakuna wingu. Kidhibiti chaji cha sola kilionyesha ampea 5 saa sita mchana, kwa paneli mbili zenye wati 200. Zilipaswa kukaribia mara mbili ya hapo.

Mita ya kubana: paneli ya kushoto 5.1, ya kulia 0.2. Niliichomoa ya kulia (kwanza nikiifunika kwa turubai, kwani plagi ya DC ikichomolewa chini ya mzigo hupiga cheche) na volti yake bila mzigo ikasoma 20.8, namba ya paneli nzima. Lakini hiyo ni volti isiyofanya kazi. Nikapima mkondo wake mfupi (mita ikiunganisha chanya na hasi moja kwa moja), mita ikiwa kwenye ampea 10: kupitia waya na plagi, 0.3, moja kwa moja kwenye kisanduku kilicho mgongoni mwa paneli, 5.3. Paneli ni nzima, plagi imekufa. Tulipoikata, pini ilikuwa nyeusi, imeungua na kulegea ndani ya ganda lake. Nimebana plagi mpya kwa koleo lake, na mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi, juu ya kiungo.

Kwenye paneli tumejifunza pia kuhamisha bumu (mti wa chini) ya tanga kuu upande wa pili tukiwa tumetulia. Kivuli chembamba juu ya seli chache kinaweza kuzima nusu ya paneli nzima, kwa kuwa seli zake 36 zimepangwa kwa mfululizo.

Jumatatu

Tumetia nanga mchana. Kwa jozi moja iliyobaki, injini asubuhi na sola zote mbili mchana vimetosha: saa tisa alasiri betri zilikuwa kwenye volti 14.2 na zinapokea ampea 4 tu, chini ya asilimia 2 ya ampea-saa 225. Hiyo ndiyo alama yangu ya kujaa. Nikakirudisha kipima betri kwenye 100. Bila kufanyiwa hivyo kila mara betri zinapojaa kweli, kosa lake dogo la kuhesabu hukua siku hadi siku.

Jumanne

Umeme wa gati umetuwezesha kujaribu kuifufua ile jozi ya pili. Kwa chaja tuliipandisha hadi volti 15.5, vifuniko wazi kiasi, milango yote wazi, hakuna moto wala swichi ya kuchezewa karibu, kwa sababu betri inayochemka inatoa haidrojeni na hewani ikifika asilimia 4 inaweza kulipuka. Tiba hii ni ya betri za maji peke yake. Ya jeli itaharibika kabisa. Kila saa nilipima kwa hidromita. Seli mbovu ilitoka 1.150 hadi 1.185, kisha ikasimama hapo hapo kwa vipimo vitatu mfululizo huku jirani zake zikiwa 1.270. Nikazima.

Nimemwambia nahodha tusinunue betri moja ya kuziba pengo. Mpya ikifungwa na za zamani itafuata uzee wao. Tutaendelea na jozi ya kwanza hadi bandari kubwa, friji ikizimwa usiku, na huko tutanunua nne za aina moja na tarehe moja. Siku hiyo hiyo kigawa chaji cha diodi kitatolewa na kuwekwa rilei (swichi inayojiendesha) inayounganisha betri hizo volti ikipita 13.3, ambayo haitozi kitu njiani. Nahodha ameandika vyote viwili kwenye orodha yake ya bandari, na chini yake ameongeza kwa mkono wake: kukagua ethi ya injini, kila mwanzo wa msimu.